Matonge Mawili

Siku mke wangu alipoondoka kwenda chuo cha ualimu Bukoba, aliniachia mkononi vitu viwili: binti yetu wa miaka mitatu na nusu, na kadi ya kliniki ya huyo binti. Kuhusu binti hakusema mengi, alimkumbatia tu na kujifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kuhusu kadi alisema. Aliifungua palepale stendi ya Omurushaka, kondakta akipiga kelele mlangoni, akanionyesha kwa kidole ule mstari wa uzito unaopanda mwezi hadi mwezi.

"Huu mstari ukilala mwezi mmoja, nitasema ni mafua," akaniambia. "Ukilala miezi miwili mfululizo, narudi na godoro langu. Chuo basi. Na usijaribu kunidanganya, kila mwezi nataka picha ya kadi."

Hakuwa anatania. Mke wangu hatanii juu ya mtoto, wala juu ya chuo. Mtihani wa kidato cha nne aliurudia mara mbili, mara ya pili akisoma huku ananyonyesha, daftari amelilaza kwenye mgongo wa mtoto. Nafasi ya chuo ilipotoka alipiga vigelegele peke yake shambani mpaka majirani wakaja kuuliza kama tumepata mapacha. Sasa mtu kama huyo arudi nyumbani kwa sababu mimi, baba mzima, nimeshindwa kulisha mtoto mmoja? Nilimwapia kwamba mstari utapanda hadi utoke nje ya kadi. Basi likaondoka.

Mimi ni fundi pikipiki. Kibanda changu kiko Omurushaka, kando ya barabara, na nyumbani ni Ihanda, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichotuachia baba. Natoka asubuhi mapema, narudi jua likizama. Kwa hiyo mtoto alishinda na mama yangu, na hapo sikuwa na wasiwasi hata chembe, maana mama yangu akipika wewe utakula tu, hata uwe umetoka harusini.

Mama anamenya ndizi bila kuziangalia. Anaongea na wewe, anasalimia wanaopita njiani, anamfukuza kuku, na kisu kinaenda chenyewe. Kwake yeye chakula ni ndizi. Ukila wali sahani nzima kwa jirani, ukirudi atakuuliza, "Na chakula umekula wapi?" Maharage anayapenda, lakini ni ya kulainishia ndizi tu, yasije yakaleta kiburi. Na upendo wake anaupima kwa mlima. Kadiri anavyokupenda ndivyo mlima wa ndizi unavyopanda kwenye sahani yako, na mjukuu wake alimpenda kupita kiasi.

Mwezi wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wa pili, binti akaanza kuisukuma sahani. Bibi yake akaketi naye na kafimbo ka mbuni, ule mti wa kahawa, si ka kupigia, alisema, ni ka kuonyesha tu. Basi mtoto akajifunza kuficha ndizi shavuni mpaka bibi ageuke, halafu anawatemea kuku. Kuku wetu kipindi kile walinenepa, jamani, wakawa wanatembea kama watu wenye vyeo.

Na mimi nikaongeza la kwangu. Kila jioni, kwa sababu moyo uliniuma kumwacha mtoto bila mama, nilining'iniza kwenye usukani wa pikipiki kifuko cha biskuti na juisi ya pakiti. Alikuwa ananisubiri njiani, pale kwenye mbuni wa kwanza, akisikia mlio wa pikipiki anarukaruka. Anabugia biskuti zote, anafyonza juisi mpaka pakiti inalia, na chakula kikija amefunga mdomo, kimya kama maji mtungini. Nami mjinga nikawa namlaumu mama kimoyomoyo.

Siku ya kliniki nilikwenda nimejipanga. Mwanaume peke yangu kwenye foleni ya akina mama, mtoto mgongoni, kadi mfukoni. Wakaniangalia wee, mmoja akanipisha mbele kwa huruma. Mtoto akavishwa kile kibukta cha kupimia, akaning'inizwa kwenye mizani, mshale ukatingishika, ukatulia. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaandika, halafu akachora mstari. Ukalala. Akanipandisha, akanishusha kwa macho.

"Baba, jioni mtoto huyu anakunywa nini?"

"Juisi kidogo."

"Na nini?"

"Na biskuti."

"Chakula anakula saa ngapi?"

"Saa moja. Akila."

"Ehee. Akila." Akina mama nyuma yangu wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi na mizani yake. Lakini yule mama hakucheka. Alimwambia mtoto akunje ngumi, akaishika ile ngumi ndogo akaniinulia niione vizuri. "Tumbo lake ni kama hili, au limeizidi kidogo. Mnalipakia mkungu mzima, maharage yakae wapi? Ndizi ni nzuri, nami nimekulia hizohizo. Lakini ngumi moja ya ndizi inamtosha. Maharage kiasi hichohicho, mboga za majani, kipande cha parachichi, dagaa au yai mkipata. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Juisi acha kabisa. Na anayemshikia fimbo, aiweke fimbo chini."

Sikujua amejuaje habari za fimbo. Nilipiga picha ya kadi, nikamtumia mke wangu, nikasubiri simu. Haikuja simu. Yalikuja maneno mawili tu: "Mwezi mmoja."

Nyumbani nilimweleza mama kwa upole wote niliokuwa nao, na mimi sina mwingi. Alinisikiliza huku akisugua sufuria, kila nikitaja neno anaongeza nguvu. "Nimelea watoto saba kwa ndizi," akasema mwishowe. "Saba. Hakuna aliyening'inizwa kwenye ndoano kama nyama." Lakini fimbo aliiweka chini, na kesho yake mtoto alitengewa kisahani kama muuguzi alivyosema: ndizi ngumi moja, maharage, mchicha, parachichi, dagaa wachache juu. Mtoto akakitazama kile kisahani kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. Hakukigusa. Kesho yake hakukigusa. Juisi nilikuwa nimeikata, kwa hiyo jioni alilia njiani kwenye ule mbuni, akalia mezani, akalala na uji wa mchana tumboni. Siku nne nzima niliishi hivyo, roho juu, nikihesabu wiki zilizobaki.

Siku ya tano nilichelewa kurudi. Nikatengewa chakula sebuleni, kwenye kiti changu na kimeza changu, kama kwetu baba anavyotengewa. Nikala matonge mawili, simu ikaita, mteja pikipiki imemzimikia njiani. Nikatoka nje kumwelekeza. Tulibishana sana juu ya waya wa plagi. Niliporudi ndani nilikuta binti yangu amepanda kwenye kiti changu, amepiga magoti, amejiinamia juu ya sahani yangu. Anakula maharage. Maharage yaleyale, ya chungu kilekile, ambayo kwenye kisahani chake yalikuwa yamelala na ngozi juu.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nakula ya Tata," akasema, maana kwetu baba ni Tata. "Tata umeshiba."

Nikabaki nimesimama mlangoni. Kwetu baba hakombi sahani. Anabakiza, na kinachobaki ni cha mtoto mdogo kuliko wote. Mimi mwenyewe nilikua nimesimama nyuma ya kiti cha baba, nikihesabu kila tonge linaloingia mdomoni mwake, nikiomba akumbuke kuacha. Na kile kipande alichoacha, hata kiwe ndizi tupu iliyopoa, kilikuwa kitamu kuliko sufuria nzima iliyokuwa jikoni, kwa sababu baba alikuwa amekishika na amenikumbuka. Kumbe binti yangu naye alikuwa anasubiri nyuma ya kiti, wiki zote hizo, na mimi kwa kuwa na njaa ya kazi nilikuwa nakomba sahani kama fisi.

Basi nikaunda mpango. Kesho yake nilimwambia mama aniwekee maharage mengi, na mchicha, na dagaa, na parachichi pembeni.

"Mchicha? Wewe?" Mama alinishika paji la uso kupima homa. Tangu utoto mimi na majani hatupatani, na kijiji kizima kinajua.

"Mwili umechoka, mama."

Akaweka. Mlima wa ndizi palepale, na vingine vyote ubavuni. Nikala matonge mawili ya ndizi, nikajinyoosha, nikajipigapiga tumbo. "Aa, nimeshiba." Binti akatokea nyuma ya kiti. Akala ndizi kama ngumi yake, akala maharage, akala mchicha ule wa kijani akiniangalia usoni kwa fahari, dagaa akaanza na vichwa. Parachichi akalilamba kwenye vidole. Nilitaka kupiga kelele. Nikajikaza, nikaangalia pembeni kama sijui kinachoendelea.

Utaniuliza, mbona sikungoja amalize halafu nikala kilichobaki? Nilijaribu siku ya pili. Alipofika katikati nikarudisha mkono, nikachota ndizi kidogo. Akasimamisha kutafuna. Akaisukuma sahani kwangu taratibu. "Kumbe Tata hujashiba," akasema, akashuka kwenye kiti, akaenda zake. Nilimbembeleza, wapi. Mtoto wa miaka mitatu na nusu hawezi kula chakula cha baba mwenye njaa. Tangu siku ile nikisema nimeshiba, nimeshiba, na ndizi zinazobaki mama anazirudisha jikoni huku ananitazama.

Na utaniuliza pia, mbona sikumwambia mama? Mama yangu nampenda, lakini siri kwake haikai hata usiku mmoja. Angemwambia mtoto siku hiyohiyo, "Kula, mama, baba yako anajifanya tu," na mchezo ungekwisha. Nikasema acha mstari upande kwanza, nitaeleza baadaye.

Wiki ya kwanza nilishinda na njaa kama mtu aliyefungiwa. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari. Siku moja nikiwa nimeinama nafungua injini, macho yakaingia giza, spana ikanidondokea mguuni, mteja akanikalisha kwenye tairi akanipa maji. Hapo nikaona, sasa nitakufa bure. Pembeni ya kibanda changu kuna mama lishe, dada mmoja mcheshi, anapika ugali na maharage. Nikaanza kula kwake kila jioni kabla ya kuondoka. Nanawa, nakula sahani moja, nawasha pikipiki naenda nyumbani kushiba tena kwa matonge mawili. Nilijiona mjanja kweli.

Kumbe nilikuwa naonekana. Jirani yetu mmoja, mama wa kwaya, huuza parachichi pale Omurushaka, na ana macho. Kwetu mwanaume akirudi nyumbani jioni, akatengewa ndizi za mama yake mzazi, akala matonge mawili akasema nimeshiba, hakuna anayedhani amebuni namna ya kulisha mtoto. Ana jiko lingine. Na penye jiko pana mpishi. Nilianza kusikia maneno ya pembeni, lakini sikuyaunganisha. Mama aliniuliza siku moja, "Chakula cha Omurushaka kina chumvi ya kutosha?" Nikamjibu kwa ujinga wangu wote, "Kinatosha, mama." Akavuta mdomo, akaenda jikoni. Simu za mke wangu nazo zikawa fupi. Mtoto hajambo? Hajambo. Haya. Nikajua ni mitihani.

Jumamosi moja, siku mbili kabla ya kliniki, nilikuwa nimechuchumaa barabarani nakaza mnyororo. Ikapita bodaboda kutoka stendi, imefunga godoro nyuma, godoro la maua ya zambarau. Nikasema moyoni, godoro kama lile nililomnunulia mke wangu. Halafu nikaona mguu unaochungulia chini ya godoro, na kiatu ninachokijua. Nilimwachia mteja pikipiki yake bila mnyororo, nikawasha yangu.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameshamsalimia mama, ameshamkumbatia mtoto, na godoro limesimama ukutani sebuleni kama shahidi. Nikamsalimia. Akaitika vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mke wangu, mbona hukuniambia unakuja?"

"Nimekuja kupika," akasema. "Nimesikia huku hamli."

Akaingia jikoni, akapika mwenyewe. Ndizi na maharage pamoja, kwa samli ya mama, mchicha kando, dagaa. Harufu ilifika mpaka kwenye kibanja. Jioni ile sikuwa nimekula popote, nilikuwa nimekimbia na njaa yangu kamili. Akanitengea mbele ya mama, kwenye kimeza changu, mlima ambao mama mwenyewe alitikisa kichwa. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, mikono magotini.

"Ngoja nikueleze," nikasema.

"Kula kwanza. Maneno baadaye."

Nikatazama nyuma ya kiti. Binti alikuwepo, ameshika ubao wa kiti kwa mikono miwili, akingoja kama kawaida yake. Mama yake alikuwa amemtengea kisahani chake mezani, akakiacha. Nikifungua mdomo kueleza, mtoto ataelewa. Nikimaliza sahani, nimejisafisha mbele ya mke na mama, na mtoto analala bila kula, na Jumatatu ni mizani. Nikibakiza, basi ndiyo, mimi ni mwanaume mwenye jiko Omurushaka. Tumbo lilinguruma wote wakalisikia. Nilikula tonge la kwanza. Haki ya Mungu, sijawahi kula ndizi tamu namna ile. Nikala la pili. Nikaufuta mkono.

"Nimeshiba," nikasema, na sauti ikanikwama.

Mama akapiga makofi mara moja. "Si nilikuambia? Umeona kwa macho yako."

Mke wangu macho yalimjaa machozi. Alikuwa anainuka, na nadhani alikuwa anakwenda kwenye godoro lake, wakati binti alipozunguka kiti, akanipanda magotini, akaivuta ile sahani. Akaanza na maharage. Mke wangu aliganda vilevile, nusu amesimama. Yeye na mtoto huyu walikuwa wamepigana vita vya maharage tangu siku ya kuachishwa ziwa, na mara zote maharage yalikuwa yameshindwa. Sasa yanaingia yenyewe. Ukaingia mchicha. Dagaa, vichwa kwanza.

"Mama, chakula cha nani hicho?" akamuuliza binti taratibu.

"Cha Tata," mtoto akasema mdomo umejaa. "Tata anashiba haraka."

Mke wangu akaniangalia. Akaiangalia sahani, akauangalia mkanda wangu na lile tundu la msumari. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akaubonyeza mpaka ukauma, na tukakaa hivyo mpaka mtoto alipomaliza na kulamba vidole.

Mtoto alipokwenda kucheza ndipo nilipotoka na mke wangu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikamweleza yote, mpaka mama lishe, mpaka spana. Alicheka akajishikilia kwenye mgomba. Alinipiga kifuani, akacheka, akalia, akanipiga tena. "Mtu mzima ovyo wewe. Ungeniambia mimi basi!" Nikamwambia niliogopa kumpa habari kabla ya mstari kupanda. Tulikuwa bado tunasukumana pale kama vijana, nikamwona mama amesimama kwenye kona ya jiko. Amesikia yote.

Nilidhani atacheka naye. Hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko, anaugeuzageuza.

"Kwa hiyo chakula changu hakina kasoro?" akauliza.

"Kasoro gani, mama?"

"Wiki zote hizi naonja chungu mara tatu, mara nne. Nikasema labda ulimi umezeeka, natia chumvi sijui. Nikaacha kukata ndizi za hapa karibu, nikawa nakwenda kule chini mwisho wa kibanja, nikadhani hizi zimeingia ugonjwa." Akaufuta mwiko kwa khanga. "Mwanamke wa Omurushaka sikumwogopa sana, mwanangu. Nilidhani mkono wangu umekwisha."

Jamani. Kule chini mwisho wa kibanja ni mteremko, na mama yangu ana goti bovu. Alikuwa anapanda nalo ule mteremko, mkungu kichwani, kwa ajili yangu, na mimi narudi nimeshiba ugali. Nilikwenda nikamshika mikono yote miwili pamoja na mwiko wake nikamwomba msamaha, na nikalia bila aibu mbele ya mke wangu.

Jumatatu tulikwenda kliniki watatu. Muuguzi akamning'iniza mtoto, akaandika, akachora. Mstari ukapanda, si sana, lakini ukapanda, hata asiyejua kusoma angeona. Mke wangu alikiweka kidole chake kwenye ile kadi muda mrefu mpaka wa nyuma yetu wakaguna. Mchana huohuo godoro la zambarau likapandishwa tena juu ya basi. "Sasa kila siku nitakupigia kuuliza wewe umekula nini," akaniambia dirishani. "Mtoto sina shaka naye tena."

Jioni nilirudi nyumbani moja kwa moja, bila kunawa kwa mama lishe. Mama akanitengea. Mlima uleule wa zamani.

"Kula yote," akasema. "Leo ni ruhusa."

"Na mtoto?"

"Nimesema kula."

Nikala. Nilikula kama mtu aliyerudishiwa mdomo wake. Binti alisimama nyuma ya kiti, akangoja tonge la pili, la tatu, la kumi. Nilipofikia kukomba alichungulia kwenye sahani, macho yakamtoka.

"Tata! Umemaliza?"

Upande wa pili wa chumba, kwenye mkeka, mama alikuwa ameketi na sahani yake mwenyewe, miguu ameinyoosha. Nilitazama: ndizi kama ngumi, maharage, majani ya maboga, yai limekatwa mara mbili. Alikuwa amekula matonge mawili tu. Aliifuta mikono kwenye khanga.

"Njoo huku kwa bibi, mama," akamwita. "Bibi ameshiba."

Mtoto akakimbia, akajikunja mapajani mwake, akaanza na yai. Mama akageuza uso dirishani, akawa anautazama mbuni uliokuwa nje, kana kwamba hana habari na kinachoendelea mapajani mwake. Mimi nilikuwa nimejifunza kusema "nimeshiba" kwa wiki tatu, na hata siku ya mwisho sauti ilinikwama. Yake haikukwama hata kidogo. Ilitoka laini, kama jina la mtu wa nyumbani, na nilijua palepale, mikono yangu bado ina mafuta ya ndizi, kwamba neno lile alikuwa amelisema maelfu ya jioni, watoto saba wamezunguka chungu kimoja, na mimi nilikuwa ninamwamini.